Maktaba na Habari za Mazingira: Historia ya INFOTERRA, Nairobi

Watu wanapotaja kazi ya mataifa ya kuhifadhi mazingira, aghalabu hutaja mikutano mikubwa, mapatano yaliyotiwa sahihi, na majina ya wakuu wa nchi. Ni wachache wakumbukao maktaba. Walakini hakuna mapatano yawezayo kutimizwa pasipo habari, wala habari haimfai mtu asiyejua ilipo. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi mataifa yalivyojaribu kuondoa upungufu huo, na hasa jinsi kazi hiyo ilivyoendeshwa kutoka Nairobi. Jambo hili latuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu, na kama itakavyoonekana, lawahusu vile vile wenye kushughulika na lugha.

Chanzo chake ni mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm tangu tarehe 5 hata tarehe 16 Juni, 1972, ambao ulihudhuriwa na nchi 113. Tamko la mkutano huo lilikuwa na kanuni 26, na kanuni ya 20 ilitaka maarifa ya sayansi yapite kwa uhuru kati ya nchi na nchi. Hali kadhalika mkutano ulitoa mapendekezo 109 ya utendaji, na katika hayo pendekezo la 101 lilitaka pawe na mpango wa kimataifa wa kumwelekeza mwenye swali kwa mwenye jibu. Tarehe 15 Desemba, 1972, Baraza Kuu likaunda Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na makao yake yakawekwa Nairobi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha namna hiyo cha Umoja wa Mataifa kuwa na makao makuu katika nchi inayoendelea.

Yafaa kueleza kwa nini ilichaguliwa kazi ya kuelekeza, wala si kazi ya kukusanya. Habari za mazingira hazikai mahali pamoja. Za maji ziko kwa wahandisi, za udongo kwa mabwana shamba, za sumu kwa wakemia na waganga, za mipaka ya misitu kwa wapimaji na wanasheria. Hakuna jengo moja ambalo lingeweza kuzipokea zote. Basi iliamuliwa kwamba kila nchi iteue kituo chake cha taifa, na kituo hicho kiandike orodha ya idara, vyuo na maktaba zake zenye maarifa fulani. Orodha hizo zikaunganishwa Nairobi kuwa kitabu kimoja cha marejeo. Mpango ulianza kazi mwaka 1977, na baadaye ukapewa jina la INFOTERRA. Afisa wa maji aliyetaka kujua namna ya kusafisha maji machafu ya kiwanda cha ngozi, mathalan, alipeleka swali kwa kituo cha nchi yake, naye akaonyeshwa ni nani duniani aliyekwisha kulishughulikia jambo hilo. Mkutubi wa mpango huu hakuwa mwenye ghala. Alikuwa mwenye kujua ghala la kila mtu.

Hata hivyo kuonyeshwa ghala si kupewa nafaka. Nchi tajiri zilipoonyeshwa mahali pa habari ziliweza kuifuata, lakini nchi maskini mara nyingi ziliishia kwenye anwani. Barua ilikwenda mbali, na majarida yalinunuliwa kwa fedha za kigeni zilizokuwa haba. Ikawa kwamba taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika ziwa au msitu wa Afrika yaweza kuwamo katika maktaba ya Ulaya, na afisa aliyekabidhiwa ziwa hilo hana nakala. Kwa ajili hiyo INFOTERRA ilizidi kutafuta taasisi ambazo zingetoa majibu kamili.

Badiliko la pili lilikuja mwaka 1992 huko Rio de Janeiro. Sura ya 40 ya Ajenda 21 ilihusu habari za kuamulia mambo, na kanuni ya 10 ya Tamko la Rio ilisema kwamba kila mtu apate habari za mazingira zilizo mikononi mwa serikali. Mkataba wa Aarhus wa 1998, ulioanza kutumika mwaka 2001, uliifanya kanuni hiyo kuwa sheria kwa nchi zilizoukubali. Mpango uliokuwa wa serikali kusaidiana ulianza sasa kuhesabiwa kuwa haki ya raia, na jambo hilo lilijadiliwa katika mkutano wa INFOTERRA uliofanyika Dublin mwaka 2000. Katika miaka iliyofuata, intaneti ilipoenea, jina la INFOTERRA lilififia; lakini haja yenyewe haikuondoka. Mwaka 2006 Shirika la Mazingira, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Yale, lilianzisha OARE, mpango wa kuzipatia taasisi za nchi maskini majarida ya sayansi ya mazingira bure au kwa bei ndogo. Mipango ya namna hiyo ilikwisha kuwako kwa utabibu (HINARI, 2002) na kwa kilimo (AGORA, 2003). Hapo ndipo nafaka yenyewe ilipoanza kufika.

Limebaki jambo la lugha. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, na Kiswahili si mojawapo, ijapokuwa makao ya shirika hili yako katika nchi ya Waswahili. Wala jambo hili si la heshima tu. Katika maktaba, neno la faharasa ndilo mlango: kitabu hupatikana kwa jina lililoandikwa katika orodha. Wakata boriti wa Lamu na wa delta ya Rufiji hutofautisha mkoko, mkandaa, mchu, muia, mlilana na mkomafi, na kila jina ni mti wake. Taarifa ya miti hiyo ikiorodheshwa kwa istilahi za kigeni peke yake, mtaalamu wa mbali ataipata, na mtu aishiye kwa miti hiyo hataipata. Tena maarifa yake mwenyewe hayataingia katika orodha, kwa kuwa hayana neno la kuyapokea.

Neno letu mazingira latokana na kuzingira, yaani kuzunguka pande zote. Na aliyezungukwa ndiye ajuaye kwanza kilichobadilika. Twaona basi ya kuwa historia hii imepita daraja mbili, ya kuelekeza na ya kukabidhi, na ya tatu ingali mbele: kuorodhesha maarifa kwa lugha ya wenyeji wake. Katika kazi hiyo mkutubi hatoshi peke yake. Amhitaji mtunga kamusi.