Majuto ya Pate na Sauti ya Msomaji

Wengi wetu leo hukutana na tenzi za kale vitabuni, nasi huzisoma kimya. Watungaji wake hawakuzikusudia ukimya. Utenzi uliandikwa kwa hati za Kiarabu, ukanakiliwa kwa mkono, kisha ukasomwa kwa mahadhi mbele ya watu ambao aghalabu hawakuwa na nakala. Hatuna budi kulizingatia jambo hili tunapochunguza jinsi fasihi ya pwani ilivyohifadhi kumbukumbu, majuto na shauku ya yaliyopotea.

Mfano ulio bora ni Al-Inkishafi, kazi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa ukoo wa masharifu wa Pate. Mji huo umo katika visiwa vya kaskazini mwa pwani ya Kenya. Katika karne ya 17 na ya 18 ulisifika kwa biashara, majumba ya mawe na vyombo vya kaure kutoka ng'ambo. Ugomvi wa kuwania utawala uliudhoofisha. Na mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi yake yaliposhindwa na watu wa Lamu huko Shela, ukuu wake ulivunjika.

Mtunzi hakuandika tarehe za vita wala orodha ya wafalme. Anatuonyesha vidaka vilivyopangwa sahani sasa vikiwa viota vya ndege, na popo wakining'inia vyumbani. Maneno hayo yote anauambia moyo wake mwenyewe, akiukaripia kwa kupumbazwa na dunia. Hapa ndipo tunapoona kazi ya sauti. Kila ausomaye utenzi huu mbele ya watu hulazimika kuukaripia moyo kana kwamba ni wake. Majuto ya mtu mmoja wa Pate huhamia kinywani mwa msomaji, na kutoka hapo huingia katika nyoyo za wasikilizaji. Hata umbo la beti lasaidia: mistari mitatu hukubaliana kwa kina chake, na wa nne hurudisha kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sikio hukingoja kina hicho, na kumbukumbu hukishika.

Kisiwa hicho hicho kilimzaa Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Ndani yake alimkumbuka marehemu mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, na maisha yao ya kupatana. Naye hakutaka maneno yale yabaki baina ya mama na mwana. Aliwaita wanawake wote wayasome. Hivyo huzuni ya nyumba moja ikawa mali ya wengi.

Lakini tusidanganyike na uzuri wa maombolezo. Majumba ya Pate yalisimama juu ya jasho la watumwa pia. Katika Al-Inkishafi wanatajwa wanawake waliowapapasa mabwana na kuwaimbia wapate usingizi. Majonzi ya wanawake hao wenyewe hayatajwi. Anayeusoma utenzi huu kwa kutamani fahari ile irudi ameukosa, kwa maana mtunzi mwenyewe aliihukumu kuwa ghururi. Majuto yake ni hesabu anayomdai aliye hai.

Utenzi huo ulichapishwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha sarufi cha Stigand, na mwaka 1939 William Hichens akautolea kitabu chake. Nakala za mkono zilizowafikia wataalamu wa Ulaya, zikiwamo za Muhamadi Kijuma wa Lamu, zimetuokolea maneno mengi. Twawashukuru wanakili hao. Hata hivyo karatasi haikuweza kuchukua mahadhi, pumzi ya msomaji, wala kimya cha waliomsikiliza.

Basi kuhifadhi tenzi si kuzifungia makabatini tu. Zisomwe kwa sauti madarasani, barazani na redioni. Wazee wanaoyajua mahadhi yake waombwe wayafundishe wangali hai. Kijana atakayetamka maneno hayo mbele ya wenzake ataukaripia moyo wake mwenyewe, na magofu ya Pate yatakuwa yamemfikia.