Wimbo wa Malaika na Maneno Yake

Nyimbo za mijini aghalabu hazina umri mrefu. Huzaliwa na dansi, hupigwa msimu mmoja au miwili, kisha dansi mpya huja na kuzifukuza. Wimbo uitwao Malaika haukufanya hivyo. Wazee walioucheza wakiwa vijana wangali wakiuimba kwa sauti ya chini wanapofanya kazi, na wajukuu wao waujua pia, ijapokuwa wameupokea kwa sauti za wageni. Nasi twaupenda, wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wa lugha na desturi, twataka kuyatazama maneno yake, maana kwa maoni yetu wimbo huu waimbwa sana na kusikilizwa kidogo.

Kwanza habari za asili yake. Sahani ya santuri iliyoutangaza wimbo huu ilipigwa na Fadhili William pamoja na kikundi chake cha Jambo Boys, yapata mwaka wa 1960. Baadaye akaurudia pamoja na bendi ya Equator Sound. Fadhili alizaliwa mwaka wa 1938, na jina lake la ukoo, Mdawida, lamwonyesha kuwa mtu wa Taita, kwani Wataita kwa lugha yao hujiita Wadawida. Lakini Adam Salim, mwanamuziki wa Tanganyika, alisema kuwa wimbo ni wake, na kwamba aliutunga mwaka wa 1945 alipokuwa akikaa Nakuru, kwa ajili ya msichana aliyemkosa. Ikiwa ndivyo, Fadhili alikuwa mtoto wa miaka saba wakati huo. Wametajwa na wengine, kama Lucas Tututu wa Mombasa. Ugomvi huu haukumalizika Fadhili alipofariki mwaka wa 2001.

Hapa yafaa kukumbuka desturi ya watunzi wetu wa kale. Mtunzi wa utenzi, afikapo mwisho, mara nyingi hutaja jina lake, na pengine jina la baba yake na mji wake na tarehe, ili watu wajue wamwombee nani dua. Wimbo wa gitaa hauna beti za namna hiyo. Jina la mwenyewe hukaa juu ya karatasi ya duara iliyo katikati ya santuri, na karatasi ile huandikwa na mwenye mitambo. Basi si ajabu kwamba wimbo uliotoka katika adabu ya kutia sahihi ndani ya maneno, ukaingia katika biashara ya kutia sahihi nje yake, uligombaniwa na wengi.

Neno malaika lenyewe lina habari. Kwa Kiarabu ni la wingi. Mmoja huitwa malak. Sisi tumelichukua la wingi tukalifanya la mmoja, na twasema malaika mmoja, malaika wengi, wala hakuna anayetaabika. Mswahili humwita mtoto mchanga malaika kwa kuwa hana dhambi, na vinyweleo laini vya mwilini navyo huitwa malaika. Lakini kumwita mpenzi malaika si usemi wa mashairi ya kale ya pwani. Mule mwanamke ni ua, ni lulu, ni tausi. Twadhani usemi huu uliingia mjini pamoja na filamu na santuri za Kizungu, ukavaa kanzu ya Kiswahili, na sasa hakuna aujuaye kuwa mgeni.

Tukija kwenye kiini, wimbo huu ni malalamiko ya mahari. Kijana ampenda msichana na ataka kumwoa; kinachomzuia ni kwamba hana cha kutoa. Hamlaumu msichana, wala hawalaumu wazazi wake kwa jina. Asema tu kwamba hana uwezo, akauliza afanye nini. Tena twaona mambo mawili yakitajwa, mali na pesa, na hayo si kitu kimoja. Mali kwa watu wa bara yalikuwa ng'ombe na mbuzi, na kijana hakuyatafuta peke yake, bali baba na wajomba walimchangia. Kwa watu wa pwani yalikuwapo mahari, na kilemba cha baba, na mkaja wa mama, na jamaa walijua nani atoe nini. Pesa ni neno lililotoka Bara Hindi pamoja na sarafu yake. Kijana wa mjini, aliye mbali na wajomba, alitakiwa alete fedha taslimu kutoka katika mshahara wake mwenyewe, na mshahara wa kibarua wa siku zile haukumtosha hata chakula na kodi ya chumba. Wimbo huu ni wa kijana huyo. Wengi wausikiapo hudhani kuwa ni wa mapenzi matupu.

Liko neno moja katika wimbo ambalo twawaomba walimu walitazame pamoja na wanafunzi wao. Mwimbaji amwita mpenzi wake kidege, ndege mdogo, kwa ile ki- ya mapenzi, kisha atumia kitendo hukuwaza. Neno hili lina maana mbili zilizo mbali. Tukiifanya hu- kuwa ya mazoea, na -ku- kuwa ya mtendewa, maana ni "nakufikiri siku zote." Lakini tukiifanya hu- kuwa ya kukanusha, maana ni "wewe hukufikiri," nayo ni lawama. Mkazo wa sauti ni ule ule katika maneno yote mawili, kwa hiyo sikio haliwezi kuyatenga. Sisi twashika maana ya kwanza, kwa kuwa kijana katika wimbo mzima hana neno kali kwa msichana. Tena ile hu- ya mazoea haimtaji mtendaji. Kijana ajificha nyuma yake, kama aonaye haya. Wako waimbaji ambao husema nakuwaza, wakaondoa mashaka. Sarufi imenufaika, lakini ile haya imepotea.

Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini ndiye aliyeuvusha wimbo bahari. Mwaka wa 1965 aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika santuri ya wawili hao iliyotoka Marekani. Kiswahili hakikuwa lugha yake, lakini alikuwa mtu wa Kixhosa, na irabu za lugha zetu hazikumshinda. Tena kwao wanaume hutoa ng'ombe za lobola, hivyo malalamiko ya kijana hayakuwa mageni kwake. Kwa maoni yetu hakuna mgeni aliyeuimba vizuri kuliko yeye. Mwaka wa 1981 kikundi cha Boney M., kilichoundwa Ujerumani, kiliutoa kwa ngoma za dansi. Humo maneno yanasikika kama mapambo tu. Angélique Kidjo wa Benin aliuimba katika santuri yake ya mwaka wa 1991, pole pole, na kwa heshima.

Ziko namna nyingine nyingi, za kwaya na za bendi za hoteli zinazowapokea watalii. Jambo lituchekeshalo ni kwamba siku hizi hupigwa hata arusini. Bwana arusi, aliyekwisha kulipa mahari yote, na kilemba, na mkaja, husimama katika nguo zake mpya huku akiimbiwa habari za kijana asiye na kitu, naye hutabasamu, na wajomba hupiga makofi.