Walipokuja Wenye Waya

Sisi tuliokulia Unguja televisheni tuliipata mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati ndugu zetu wa Bara walikuwa na redio tu na wakaendelea nayo hivyo mpaka 1994. Serikali ilinunua mitambo, serikali ikaiwasha, basi. Nani angekuja mtaani kwetu Ng'ambo kutuuliza tunataka nini? Ndiyo maana nilipohamia Massachusetts, nikapokea barua ya mji inayonialika kutoa maoni juu ya mkataba wa televisheni ya kebo, nilidhani wamekosea nyumba.

Hawakukosea. Marekani, kampuni inayotaka kupitisha waya wake kwenye nguzo au chini ya barabara sharti ipate kibali, na desturi ya tangu zamani ni kwamba kibali hicho kinatolewa na mji wenye barabara. Nimekuwa nikiifuatilia desturi hiyo tangu siku ile, kwani ina vituko.

Ilianzia milimani. Mwaka 1948 huko Mahanoy City, Pennsylvania, John Walson alikuwa na duka la vyombo vya umeme na televisheni zisizouzika, kwa sababu milima ilizuia mawimbi kutoka Philadelphia. Akasimamisha antena mlimani, akashusha waya mpaka dukani, na majirani wakaanza kuunganishiwa. (Watu wa Astoria, Oregon, wanadai wao ndio wa kwanza. Kumbukumbu za Walson ziliungua moto, kwa hiyo ugomvi huo hauna mwisho.) Madiwani wa vimji vya namna hiyo hawakuwa na ubavu wa kudai mengi. Mtu anawaletea picha ambazo hawakuwa nazo kabisa. Nani atamnyima nguzo?

Fedha zilipoanza kuonekana, na mikono ikaanza kunyooshwa. Johnstown, katika Pennsylvania hiyohiyo, mwaka 1966 ilikuwa inachagua kampuni ya kupewa kibali. Irving Kahn, mkuu wa TelePrompTer, kampuni iliyoanza kwa mashine ya kuwaonyesha watu wa televisheni maneno ya kusoma, alitoa dola 15,000 kwa meya na madiwani wawili. Mwaka 1971 mahakama ilimtia hatiani, akakaa gerezani miezi 20. Mwenyewe alisema hakuhonga, bali alikamuliwa. Simtetei, lakini anayejua jinsi zabuni zinavyokwenda hawezi kucheka sana akisikia utetezi huo.

New York nayo ilitoa vibali vya miaka 20 mwaka 1970, Manhattan ikagawanywa kati ya kampuni mbili, mojawapo ikiwa ni TelePrompTer hiyohiyo. Humo mji ulidai kitu ambacho naona ndicho chenye thamani kuliko vyote katika habari hii: chaneli ambazo mtu yeyote angeweza kurusha kipindi chake bila kuomba ruhusa ya mhariri. Julai 1971 zikaanza. Zilirushwa takataka nyingi, ni kweli. Lakini zilikuwa takataka za wananchi wenyewe.

Kisha ikaja setilaiti. Mwishoni mwa Septemba 1975 HBO, chaneli ya kulipia ya kebo, ilirusha kwa setilaiti pambano la ndondi la Ali na Frazier kutoka Manila, na ghafla kebo haikuwa tena ya kuvusha milima tu. Kila kampuni ilitaka mji mkubwa. Miaka michache baadaye ilikuwa kampeni hasa, na takrima zake. Sacramento, kampuni moja iliahidi kupanda miti 20,000. Miti! Kwingine wakubwa wa mji, mawakili na viongozi wa dini, waligawiwa hisa kwa bei ya kutupa ili wakaseme neno jema mbele ya baraza. Pittsburgh mwaka 1980 iliipa kibali Warner Amex, iliyojivunia mtambo wenye vitufe vya kumwezesha mtazamaji kupiga kura akiwa sebuleni. Haukupita muda, Warner Amex ikawa inapata hasara katika miji yake, ikarudi kwenye mabaraza kuomba ipunguziwe masharti, na kufikia 1984 ikaamua kuuza mtandao wake wa Pittsburgh. Ndio ulikuwa mchezo: ahidi mbingu, shinda, tandaza waya, kisha lia. Waya ukishatandazwa, diwani gani atathubutu kuukata wapiga kura wakiwa kwenye kochi?

Mwaka 1984 bunge la nchi likaweka mipaka. Ada ya mji isizidi asilimia 5 ya mapato ghafi ya huduma ya kebo. Mji unaweza kudai chaneli za wananchi, za shule na za serikali. Na kuinyima kampuni mkataba mpya kukafanywa kuwa kazi ngumu.

Kikao nilichoalikwa kilikuwa cha namna hiyo, cha kufanya mkataba upya. Wajumbe watano mezani, wakili wa kampuni pembeni na faili lake nene, kila msemaji dakika tatu. Karibu wote walisimama kulalamikia bili. Wakili akajibu kwa upole, kila mara jibu lilelile: bei haimo katika mkataba huu. Alikuwa sahihi, na alijua kwamba hasira zote zikiishia kwenye bei, hakuna atakayeuliza juu ya fedha za kamera, zile ambazo kampuni hutoa kwa ajili ya chaneli za wananchi. Nikauliza mimi. Nilieleza kuhusu akina mama kutoka Kongo na Burundi wanaorekodi kipindi cha Kiswahili katika studio ya mji, jinsi ya kumwandikisha mtoto shule, jinsi ya kusoma barua ya mwenye nyumba. Mwenyekiti aliandika kitu. Fedha za kamera zilibaki mkatabani, ingawa zilipunguzwa.

Sasa mvutano umehamia kwingine. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano ya Washington iliamua kwamba sehemu kubwa ya huduma ambazo kampuni huupa mji badala ya fedha taslimu ihesabiwe ndani ya ile asilimia 5. Na watu wanaacha televisheni ya kebo, wanabaki na intaneti ya kampuni ileile, inayopita katika waya uleule juu ya nguzo zilezile. Mapato ya intaneti hayamo katika hesabu ya ada. Mkataba wetu ukifika mwisho tutaitwa tena, na hilo ndilo nitakalouliza katika dakika zangu tatu, ingawa jibu la wakili nalijua.