Other People's Children (riwaya)

Other People's Children (yaani "Watoto wa Watu Wengine") ni riwaya ya Kiingereza iliyoandikwa na Joanna Trollope na kutolewa mwaka 1998. Inasimulia habari za familia mbili nchini Uingereza ambazo zilivunjika kwa talaka au kifo, kisha zikaundwa upya kwa ndoa nyingine. Kiini chake ni nafasi ya mama wa kambo. Mwaka 2000 ilionyeshwa kama tamthilia ya televisheni na BBC.

Mwandishi

Joanna Trollope alizaliwa tarehe 9 Desemba 1943 katika wilaya ya Gloucestershire. Alikuwa wa ukoo mmoja na Anthony Trollope, mwandishi wa karne ya 19. Kabla ya kujulikana kwa riwaya za maisha ya siku hizi, aliandika riwaya za kihistoria, nyingine kwa jina la Caroline Harvey. Alikuwa na mabinti wawili wa ndoa yake ya kwanza, na kwa ndoa ya pili, mwaka 1985, akawa mama wa kambo wa wavulana wawili. Hivyo alilijua jambo hilo kwa kuliishi.

Muktadha

Sheria ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1971, ilirahisisha talaka katika Uingereza na Wales. Idadi ya talaka ikaongezeka, na pamoja nayo idadi ya watoto wanaoishi na mzazi mmoja pamoja na mwenzi wake mpya. Hata hivyo, kufunga ndoa na mzazi hakumpi mtu wajibu wa kisheria wa mzazi juu ya watoto wa mwenzake. Mama wa kambo anaweza kupika, kufua na kuuguza, lakini ndoa peke yake haimpi haki ya kuamua mambo ya mtoto.

Muhtasari

Riwaya inaanza na arusi ya Josie na Matthew Mitchell. Josie ameachana na Tom Carver, msanifu majengo wa mjini Bath, na anakuja na mtoto wao Rufus. Matthew, ambaye ni mwalimu, ana watoto watatu: Becky, Rory na Clare. Mama yao, Nadine, yu hai na ameumizwa na ndoa hiyo. Watoto wanaona kwamba kumpenda Josie ni kumsaliti mama yao, kwa hiyo wanamkataa. Baadaye Nadine anashindwa kuwatunza, nao wanahamia nyumbani kwa Josie.

Upande wa pili ni Tom. Mke wake wa kwanza, Pauline, alifariki na kumwachia Lucas na Dale. Sasa Tom ni mchumba wa Elizabeth Brown, mwanamke asiye na watoto. Rufus anampenda Elizabeth, lakini Dale, ingawa ni mtu mzima, hakubali mwanamke mwingine ashike nafasi karibu na baba yake. Mwishowe Elizabeth anavunja uchumba, wakati nyumba ya Josie inaanza kutulia polepole.

Mama wa kambo katika hadithi za kale

Wasomaji wengi huilinganisha riwaya hii na hadithi za watoto za Ulaya. Katika hadithi ya Cinderella iliyotolewa na Charles Perrault mwaka 1697, mama wa kambo ni mtesaji. Ndugu Grimm waliendeleza picha hiyo. Katika toleo lao la mwaka 1812, mwovu wa hadithi ya Snow White alikuwa mama mzazi. Katika toleo la mwaka 1819 walimgeuza kuwa mama wa kambo. Badiliko hilo liliitunza heshima ya mama mzazi na kumtwika mama wa kambo lawama. Trollope anaurudisha mzigo huo mezani na kuuliza nani hasa anastahili kuubeba.

Maoni ya wasomaji

Mjadala kuhusu riwaya hii huzunguka mambo manne.

Kwanza ni Nadine. Wako wanaosema kwamba mwandishi hakumwondoa mwovu wa hadithi za kale, bali amempa sura nyingine: mama wa kambo amesafishwa, na mama mzazi amechafuliwa. Wengine wanamtetea Nadine. Ameachwa, hana fedha za kutosha, na anawaona watoto wake wakihamia kwa mwanamke mwingine. Hasira yake ina sababu.

Pili ni wanaume. Matthew na Tom hulaumiwa kwa kunyamaza wakati wa kusema. Kwa maoni hayo, Elizabeth hakushindwa na Dale, bali ameshindwa na Tom asiyethubutu kumwekea binti yake mpaka.

Tatu ni mwisho wake. Kuna wanaouona kuwa kushindwa kwa Elizabeth, na kuna wanaouona kuwa busara: alitambua mapema kwamba mapenzi ya watu wawili hayatoshi kuijenga nyumba nzima.

Nne ni aina ya uandishi. Riwaya za Trollope zilipachikwa jina la "Aga saga", lililobuniwa na Terence Blacker mwaka 1992 kutokana na jiko kubwa la chuma linalopatikana katika nyumba za wenye nafasi mashambani. Jina hilo lilidokeza hadithi nyepesi za watu wanaoishi kwa raha, na mwandishi hakulipenda. Wanaomtetea hutaja jinsi anavyowapa nafasi watoto, hasa Rufus, anayehama kati ya nyumba mbili bila kuulizwa anataka nini.

Msomaji mara nyingi huamua kufuatana na mahali alipokaa mwenyewe. Aliyelelewa na mama wa kambo humsikiliza Becky. Aliye mama wa kambo humsikiliza Josie. Aliyeachwa humsikiliza Nadine.