Mzigo Usio na Jina: Msongo wa Mawazo Wakati wa Magonjwa ya Mlipuko, Handeni na Korogwe

Mtu wa Kang'ata akikuambia "nina mawazo", humwulizi mawazo gani. Neno lenyewe limeshasema. Kila mtu anawaza, lakini aliye na mawazo ni mtu aliyebeba kitu. Wataalamu wameleta maneno mengine, kama msongo wa mawazo na sonona, nayo ni maneno mazuri. Ila huku vijijini mzigo huo bado unatambulishwa na mwili: usingizi umekatika, moyo unakwenda mbio, kichwa kizito, chakula hakipiti. Mwenye shida ya moyo huja zahanati akilalamikia tumbo.

Nataka tuangalie jinsi mzigo huo ulivyopita katika nchi yetu ya Handeni na Korogwe katika magonjwa mawili makubwa, la 1918 na la 2020, na ni nani aliyeuona.

La kwanza lilikuta watu wamekwisha kuchoka. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka kando ya Mto Pangani, yakachukua Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Vita havikuishia hapo. Pande zote mbili zilihitaji wapagazi, na wanaume walichukuliwa kutoka mashambani kubeba risasi na chakula hadi kusini kabisa mwa nchi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi, wengi wao wakiwa wamekufa kwa kuhara, homa na njaa. Mwishoni mwa 1918, vita vikiwa vinaisha, ikaingia homa ya mafua iliyokuwa imeizunguka dunia. Tofauti na mafua ya kawaida, hii iliua sana watu wenye nguvu zao, wa miaka 20 hadi 40, yaani wale ambao ndio hasa wangelima na kulea.

Kumbukumbu zilizobaki za homa ile ni za hesabu ya wafu. Habari za mama aliyebaki na wajukuu, au za mpagazi aliyerudi nyumbani akakuta kaburi, hazikuandikwa. Sidhani kwamba ni ukatili tu. Watawala walihesabu walichoweza kuhesabu, na huzuni haikuwa na safu katika daftari.

Lakini wakati huo huo, milimani upande wa Korogwe, kulikuwa na mahali ambapo Wakristo walikuwa wamekwisha kuanza kazi ya kuangalia akili iliyoumia. Lutindi ilifunguliwa mwaka 1896 na Waprotestanti kutoka Ujerumani, iwe makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye, mwaka 1927. Lutindi iko hadi leo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya matibabu yake.

Ni urithi mkubwa kuwa nao karibu namna hii. Una taabu yake pia. Hospitali za namna hiyo zimefanya watu wadhani kwamba shida ya akili ni ya yule tu anayeokota makopo barabarani, na jina la Mirembe limekuwa neno la dhihaka nchi nzima. Kwa hiyo mtu ambaye amekosa usingizi wiki tatu hathubutu kusema, asije akaitwa kichaa. Kati ya mzima kabisa na anayepelekwa hospitali kuna watu wengi mno, na gonjwa la 2020 liliwapata hasa hao.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyefika Arusha kutoka Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule. Makanisa na misikiti haikufungwa. Kuanzia tarehe 17 hadi 19 Aprili taifa liliitwa kwenye siku tatu za maombi. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka hazikuongezwa. Shule zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni.

Nitasema jambo ambalo huenda wengine hawatalipenda. Kwa baadhi ya wazee wetu, kutosikia hesabu ya vifo kila jioni redioni kulikuwa nafuu. Walilala. Mtu akipimwa msongo wake kwa hofu tu, Tanzania ya nusu ya pili ya 2020 ingeonekana nchi tulivu.

Mambo yalikuwa tofauti mwanzoni mwa 2021. Misiba ilikuja kwa kufuatana, na sababu ikaitwa "changamoto ya upumuaji". Machi mwaka huo Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padre Charles Kitima, alisema hadharani kwamba katika miezi miwili kanisa lake lilikuwa limepoteza mapadre zaidi ya 25 na masista 60 waliokuwa na shida ya kupumua. Hao walikuwa na mtu wa kuwahesabu. Katika familia nyingi baba alikufa kwa kifua, akazikwa upesi, ndugu wa mbali wakaambiwa wasije. Mfiwa hakujua amefiwa na nini, na majirani waliogopa kukaa naye. Matanga kwetu ndiyo dawa ya kwanza ya huzuni: watu wanalala uani, wanapika, wanamsimulia marehemu hadi mfiwa acheke kidogo. Yakifupishwa, huzuni haifupiki. Inarudi baadaye kama kichwa kinachouma bila homa.

Tena hofu ilikuwa na hila yake. Mtu aliyejaa wasiwasi hupumua haraka na kwa juu juu, kifua kikabana, kizunguzungu kikamshika, vidole vikafa ganzi. Sasa mweke mtu huyo katika mwezi ambao kila jirani anazungumzia kupumua. Ataamini amekwisha kupata ugonjwa, na kuamini huko kutambana zaidi. Wapo waliojifukiza nyungu mara nne kwa siku kwa kifua kilichobanwa na woga. Wapo pia waliosema ni woga tu, kumbe ni ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana mwenye shida ya pumzi apimwe kwanza na mganga wa zahanati, kabla ya mtu yeyote kumwambia kwamba ni mawazo.

Je, mtu ajipimeje? Shirika la Afya Duniani lilitengeneza maswali 20 ya ndiyo au hapana kuhusu mwezi uliopita, yakajaribiwa kwanza Sudan, India, Ufilipino na Kolombia. Hapa kwetu yalitumika Dar es Salaam na Mbeya katika utafiti wa shirika hilo kuhusu ukatili dhidi ya wanawake. Ninayapenda kwa sababu yanaanzia mwilini. Yanauliza habari za usingizi, hamu ya chakula, mikono kutetemeka, machozi ya mara kwa mara, kazi ya kila siku kuwa ngumu. Hayaulizi kama una imani. Mzee wa kanisa ukimwuliza kama ana msongo wa mawazo atajibu kwamba anamtegemea Bwana. Mwulize analala saa ngapi, atakuambia kweli. "Ndiyo" nyingi si hukumu ya ugonjwa, ni dalili kwamba mtu huyo akaonane na mtaalamu.

Na huku mashambani kuna kipimo kingine ambacho hakuna aliyekiandika. Mkulima wa Handeni ambaye hajaumwa wala kusafiri, lakini mahindi yake yamemezwa na magugu wakati jirani wanapalilia, amelemewa. Mwanakwaya aliyeacha mazoezi bila ugomvi na mtu, vivyo hivyo. Siku mbili tatu za hali hiyo ni za kawaida kwa binadamu. Wiki mbili zikipita, mtu aende kumwona.

Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, kinamwonyesha Eliya chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea kwa uhaba wa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Maswali kutoka kwa Mungu yalikuja siku nyingi baadaye, kule Horebu. Na kati ya maswali yale 20 mojawapo linagusa jambo hilo hilo la Eliya, wazo la kujimaliza. Anayejibu ndiyo asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maombi yaendelee njiani.

Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, na polepole mikutano na matanga yakarudi kama zamani. Waliozikwa kwa haraka hawakurudiwa. Ushauri wangu kwa sharika zetu ni mdogo: siku ya kuwakumbuka marehemu, majina ya 2020 na 2021 yasomwe yote kwa sauti, na wiki hiyo akina mama wa kanisa wapite nyumba zile, wakae, wale chakula, na wamwulize mfiwa anavyolala.