Nondo Aliyedhaniwa Kipepeo

Mwaka 1773, Mwingereza Dru Drury alichapisha maelezo ya mdudu mwenye mabawa meusi yaliyometameta kijani, buluu na dhahabu. Alimwita kipepeo, na kwa habari alizopewa, asili ya mdudu huyo ikatajwa kuwa China au Bengal. Kumbe ni nondo wa Madagaska, tena huruka mchana. Ni rahisi kuona kwa nini Drury alikosea.

Uzuri wake ukamponza nondo huyo. Enzi za Malkia Victoria, mabawa yake yalitumika kutengenezea vito.

Ukiligeuza bawa kidogo tu, rangi hubadilika, kwa kuwa hutokana na vigamba vidogo mno vilivyopinda vinavyocheza na mwanga. Viwavi wake hula majani ya Omphalea, mimea yenye sumu. Ndugu yake, Chrysiridia croesus, anaishi Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, na anastahili kujulikana zaidi.