Nani anapanga saa yetu ya kula? Kutoka jani la mimosa hadi panya wa 2005

Wale mulisoma agronomia munaijua mimosa, yale majani ya miiba yenye kujifunga ukiyagusa tu. Historia yetu inaanzia pale. Mwaka 1729, Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliweka mmea wa namna ile ndani ya giza. Majani yakaendelea kufunguka mchana na kujifunga usiku, sawa vile jua lingekuwa bado linayaangazia. Kumbe mmea ulikuwa na saa yake ndani. Lakini iko wapi?

Jibu lilingojea zaidi ya miaka 200, na lilitoka kwa vinzi, vile vinavyoruka juu ya ndizi mbivu. Kule California, mwanafunzi Ronald Konopka na profesa wake Seymour Benzer waliharibu jeni za nzi kwa kemikali, alafu wakachunguza mwenendo wao wa kila siku. Mwaka 1971 wakatangaza: nzi wa ukoo mmoja wana siku ya saa 19, wengine saa 28, wengine hawana saa kabisa. Na makosa yote matatu yalikuwa kwenye jeni moja tu! Wakaiita period.

Mwaka 1984 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young waliipata jeni yenyewe. Kazi yake ni ya ajabu: inatengeneza protini, protini inajaa usiku, inaingia kwenye kiini cha seli na kuifunga jeni ileile iliyoizaa. Protini ikiisha, kazi inaanza upya. Hao watatu walipewa Nobel mwaka 2017. Konopka alifariki mwaka 2015, na Nobel haipewi marehemu. Iliniuma, juu mwanafunzi ndiye alifungua mlango.

Sasa chakula. Mwaka 2000, kikundi cha Ueli Schibler kule Geneva kililisha panya mchana tu, na panya ni mnyama wa usiku. Saa ya ini ikafuata chakula, ile ya ubongo ikabaki na mwangaza. Saa mbili zenye kubishana ndani ya mwili mmoja! Mwaka 2005, Fred Turek na wenzake wakachunguza panya wenye kosa kwenye jeni nyingine ya saa, Clock. Panya wa kawaida anakula zaidi usiku. Hawa walikuwa wanakula mchana karibu sawa na usiku, na wakanenepa kupita kiasi.

Wakati wa lisanse nilikuwa ninakula paka mara moja, saa tatu za usiku: bugali na sombe, alafu silabusi hadi saa saba. Asubuhi ninasinzia kwenye oditwari, nikifikiri ni uvivu. Lakini ile saa ya kula haikupangwa na jeni. Ilipangwa na bei ya unga, na mama mwenye kurudi soko giza limeingia. Kwa hiyo ukisoma kwenye simu kwamba jeni ndizo zinakulisha usiku, uliza kwanza: ni mtu ao panya? Panya wa Turek alikuwa na chakula mbele yake saa 24. Sisi sufuria ilikuwa inafunguliwa mara moja.

Siku hizi ninaacha kipande cha bugali, ninakipasha asubuhi na chai mbele ya kwenda shamba.